Kibao cha Mama Clotilde

Ungeuliza watu wa Kashikishi, kando ya ziwa Mweru, Mama Clotilde anakaa wapi, mmoja angekuambia yuko kisiwani Chisenga, mwingine angeapa kwamba alimwona Mununga juma lililopita, na wala wasingekuwa wanadanganya. Alikuwa mfumaji wa nyavu. Alikwenda walipo wavuvi, akalala jikoni kwa mwenye wavu mpaka kazi iishe, kisha akapanda mtumbwi wa kwanza wenye nafasi. Alilipwa kwacha, au samaki wakavu, au chumvi, kulingana na msimu. Mali yake yote iliingia katika gunia moja: mkeka, sufuria, blanketi, vitenge viwili, sindano tatu za mwanzi za kupitishia uzi, na kibao cha mti mgumu cha kupimia macho ya wavu, alichochongewa na marehemu mumewe huko Pweto, ng'ambo ya Zaire.

Hakuwa na nyumba upande wa Zaire wala upande wa Zambia. Ng'ambo, Zaire, karatasi zake zilikuwa na jina jipya ambalo serikali ilimtaka achague. Huku hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Wavuvi walimjua kwa fundo. Kila mfumaji wa ziwa la Mweru huacha alama yake pembeni mwa wavu, na yake ilikuwa mafundo mawili yaliyobanana. Mtu akiyaona kwenye wavu wa jirani yake, akaona jinsi ulivyokaa, alituma salamu: huyo mama akimaliza huko, aje kwangu. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka kumi na moja.

Asubuhi moja ya Septemba mwaka 1976 alikuwa Kashikishi, nyuma ya nyumba ya mvuvi aitwaye Mwewa, akimalizia wavu alioufuma kwa muda wa wiki tatu. Mke wa Mwewa, Eneless, alikuwa akigeuza samaki juu ya kichanja cha moshi. Ndipo Agnès alipofika kutoka bandarini, viatu mkononi, pindo la kitenge limelowa. Agnès alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Kilwa ya Zaire, mtu wa kuvuka ziwa mara mbili kwa mwezi, na habari alizibeba pamoja na mizigo.

"Balichoma nyavu kule Chisenga," alisema hata kabla ya kuketi. "Balinzi ba samaki. Nyavu tatu. Balizitupa pale pale kwa muchanga, banawasha moto, batu banaangalia."

"Nyavu za nani?" Eneless aliuliza.

"Moja ya Bwalya. Moja ya Kapembwa. Ya tatu ya mutu moja wa Pweto, minasahau jina. Banasema macho iko ndogo, inakamata watoto ba samaki."

Sindano ya Mama Clotilde ilisimama. Wavu wa Bwalya aliufuma yeye, wakati wa baridi. Wa Kapembwa pia. Na yule mtu wa Pweto aliitwa Nkulu, naye pia alimfumia wavu. Alikuwa ameketi karibu naye siku nyingi akimtania kwamba anafuma polepole kama anayeshona nguo ya arusi.

"Ndogo namna gani?" aliuliza.

"Mi niko muuzaji wa samaki, mama. Siko mupimaji." Agnès alimtazama, kisha akatazama pembeni mwa wavu uliolala magotini pake. Macho yake yalitua kwenye yale mafundo mawili.

Alijiambia haiwezekani. Mumewe alikichonga kile kibao enzi za uzi wa pamba, na pamba ikilowa hujikunja, kwa hiyo alikipa upana wa ziada. Uzi wa nailoni ulipoingia, ule ambao wavuvi huuchomoa kwenye matairi makuukuu ya malori, haukujikunja hata kidogo. Basi kibao kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Macho ya nyavu zake yangekuwa mapana kuliko sheria, si membamba. Hata alizoea kusema hivyo kwa majivuno kidogo, mvuvi akimuuliza kama amepima: kibao hiki kina ziada yake. Kwa hiyo hakuwahi kukipima.

Agnès alipokwenda kutafuta chai, Clotilde alikitoa kibao na kukishika kwenye mwanga. Ukingo mmoja ulikuwa umenyooka. Ukingo wa pili, ule ambao fundo hubanwa juu yake kila mara, ulikuwa na mabonde madogo, laini, yanayong'aa kama jiwe la mtoni. Alipitisha kidole. Pamba ni laini. Nailoni ya tairi ni kama waya. Kila fundo lilikuwa limekula mti kidogo, na katika wavu mmoja mafundo ni maelfu. Alikuwa akiugeukia ukingo huo huo kwa miaka minne bila kuuona.

Bado alitaka kuhakikisha. Ukutani kulining'inia wavu wa zamani wa Mwewa, wavu wa kwanza wa nailoni aliomfumia, ambao walinzi waliwahi kuupima mara mbili na kuupitisha. Alivuta jicho moja la wavu ule, akaweka juu yake jicho la wavu mpya. Jipya lililala ndani ya la zamani, na pande zote ilibaki nafasi. Ilikuwa ndogo, pengine upana wa ukucha. Alijaribu jicho lingine, na lingine, akihamia upande mwingine wa wavu kana kwamba huko kazi ilifanywa na mtu tofauti.

Wiki tatu za kazi. Mwewa alisema ataushusha majini Jumatatu.

Agnès alirudi akamkuta amekaa, kibao kwenye mapaja. Alielewa bila kuelezwa. Akachuchumaa na kusema kwa sauti ya chini:

"Kesho minapita Chisenga kubeba samaki, kisha minavuka. Twende wote Pweto. Kule hakuna mutu anapima. Ukae mupaka mwaka moja, batu basahau."

"Batu ba Pweto hawako na masikio?"

"Beko nayo. Lakini huku uko mugeni, mama. Bakikasirika, njo vile banakumbuka: mugeni."

Lilikuwa neno la kweli. Kwenye ziwa lile habari haikuhitaji barua. Ingefika Mununga kwa mtumbwi wa chumvi, ingefika Pweto pamoja na Nkulu mwenyewe. Mwenye shamba akikosea, shamba hubaki, na mwenye duka hubaki na milango yake. Yeye akiharibu jina alikuwa hana kitu kingine cha kwenda nacho mahali popote. Lakini pia alijua jinsi ingekuwa rahisi kufunga gunia. Alikuwa amelifunga mara nyingi sana. Mikono ingefanya yenyewe.

Alimwita Eneless badala yake.

"Huu wavu hauwezi kuingia majini," alisema. "Macho ni madogo. Kosa ni la kibao changu."

Eneless aliangalia, akaingiza vidole, akaangalia tena. "Awe, hapana, Mama Clotilde. Awe, mukwai. Wiki tatu unakula ugali wangu, unanifumia mashitaka?"

"Ndiyo."

"Na unasema ndiyo hivyo tu?"

"Niseme nini?"

Eneless alienda kumwita mumewe. Clotilde aliwasikia wakizungumza Kibemba upande wa pili wa ukuta, haraka mno kwake kufuata, na mara mbili alisikia jina lake. Mwewa alitoka. Alikuwa mtu asiyepaza sauti, na hilo halikumtuliza Clotilde. Aliulinganisha wavu na ule wa zamani, polepole, sehemu tano au sita. Kisha akaenda kuleta kipande cha mti na kisu. Alikaa mchana ule akichonga kibao kipya, akipima kwa jicho la wavu wa zamani. Alipomaliza alimpa.

"Hiki ni cha kufumia wavu wangu mwingine," alisema. "Lakini anza Chisenga. Bwalya atakuwa anakutafuta. Usimwache akutafute."

Hakusema kama atamngoja. Clotilde aliogopa kuuliza.

Kesho yake, mtumbwi wa Agnès ulikuwa na watu wanane na vikapu vitupu. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele alikuwa akisimulia habari za moto wa Chisenga kwa yeyote aliyetaka kusikia. Moshi ulikuwa mweusi, alisema, na Kapembwa alilia kama aliyefiwa.

"Na mfumaji?" mtu aliuliza.

"Mfumaji amekwisha kula pesa. Atakuwa wapi? Batu ba gunia, leo huku, kesho kule."

Agnès alikohoa. Clotilde aliinamisha kichwa akaangalia maji yaliyoingia kupitia ufa, akaanza kuyachota kwa kopo ingawa hakuna aliyemwomba. Alikuwa amepanga maneno ya kumwambia Bwalya. Kila alipoyarudia yalipungua.

Kambi ya Chisenga ilikuwa safu ya vibanda vya matete. Bwalya alikuwa amekaa mlangoni pake akichomoa uzi kwenye tairi kwa koleo. Alimwona tangu alipokanyaga mchanga, lakini hakusimama.

"Bamayo, mama," alisema. "Nilifikiri uko Pweto."

"Niko hapa, ba Bwalya."

Kisha aliinuka akampeleka ufukweni. Pale palipochomwa palikuwa na duara jeusi, na katikati bonge gumu la nailoni iliyoyeyuka na kuganda, limeshika mchanga na magamba. Bwalya aliligusa kwa mguu.

"Kile kibao cha bwana yako. Unakumbuka ulichoniambia?"

"Nilisema kina ziada."

"Ndiyo. Kina ziada." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mulinzi alipouliza nani amefuma, kila mutu aliangalia miguu yake. Sikukutaja. Si kwa sababu ya huruma. Nilitaka nikuone kwanza mimi."

Clotilde alitoa kibao cha zamani na kipya, akaviweka sambamba mbele yake ili aone mabonde. Bwalya alipitisha kidole kwenye mabonde. Akasema Clotilde atafuma wavu mmoja, wa Bwalya mwenyewe, kwa uzi ule aliokuwa akiuchomoa. Chakula tu, hakuna malipo. Wengine wataamua wenyewe. Na ukimaliza, alisema, huendi popote mpaka walinzi warudi waupime.

Alifuma siku kumi na nane. Alilala kwenye kibanda cha kuwekea samaki, na hakuna mwanamke aliyekuja kupiga soga naye kama zamani. Nkulu alikwisha kurudi kwao, na habari pamoja naye. Kapembwa alipita kila asubuhi kwenda kuomba kazi katika mtumbwi wa mtu mwingine, mikono mitupu, na hakumsalimu. Clotilde alipima kila jicho mara mbili, halafu, usiku ulipokaribia na mwanga kupungua, alianza kutokiamini hata kibao kipya. Je, kama Mwewa alikosea? Je, kama wavu wa zamani ulipitishwa na mlinzi mvivu? Aliondoa safu nzima siku ya tisa kwa wasiwasi tu. Fundo la nailoni halifumuki, kwa hiyo alikata, na Bwalya alipoona nyuzi chini alimuuliza kama amepata wazimu.

Boti ya walinzi ilikuja siku nne baada ya wavu kuisha. Kiongozi wao aliitwa Ngosa, kijana mwenye kaptura iliyonyooshwa vizuri, na alikuwa na kipimo cha bati. Watu walileta nyavu zao ufukweni na kusimama pembeni. Clotilde alisimama nyuma ya wote. Alipoona bati linaingia kwenye jicho la kwanza la wavu wa Bwalya alishindwa kutazama. Akageuka akahesabu vikapu vya Agnès, aliyekuwa amerudi kubeba samaki. Vilikuwa sita, kisha akavihesabu tena.

Ngosa alipima katikati, akapima pembeni, akanyoosha wavu, akapima tena.

"Wa kwako ndio tuliochoma mwezi uliopita?" alimuuliza Bwalya.

"Ndiyo, mukwai."

"Huu umefumwa na nani?"

Safari hii watu hawakutazama miguu yao. Waligeuza vichwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka pakabaki njia wazi kutoka kwa Ngosa hadi kwa Clotilde.

"Mimi," alisema.

Ngosa alimwangalia, akaangalia bati lake. "Unapita," alisema, na akasogea kwenye wavu uliofuata.

Hakuna aliyempongeza. Bwalya aliukunja wavu wake, akaubeba begani na kwenda kuutia mawe ya kuzamisha. Clotilde alirudi kwenye kibanda, akaketi. Alifikiri sasa angeweza kuondoka. Agnès angesafiri jioni. Lakini kwenda wapi, hakujua. Mununga walikuwa wamesikia nini? Na Mwewa, je, alikuwa ameshatafuta mfumaji mwingine?

Kivuli kiliziba mlango. Alikuwa Kapembwa, na mkononi alikuwa na mviringo wa uzi, mdogo, labda wa kutosha robo ya wavu. Aliuweka chini kwenye mkeka. Kisha akatoa kijiti kilichokatwa ncha zote mbili.

"Nilikipima kwa lile bati la Ngosa," alisema. "Nitakaa hapa. Kila safu nitapima mwenyewe."

"Kila safu?"

"Kila jicho, nikitaka."

Clotilde alisogea ili kumpa nafasi kwenye mkeka, akachukua sindano na kuanza kuijaza uzi.

"Basi kaa upande wa mwanga," alisema. "Usinizibie."