Miti Tuliyoifagia

Jumamosi iliyopita, mwanangu, walikata mti wa Musa. Ulikuwa wa mwisho kati ya kumi na minne tuliyoipanda pale mtaani Malvern, huku Kanada, nyuma ya maghorofa. Sasa pamebaki nyasi na visiki.

Nakumbuka siku tuliyoipanda. Theluji ilikuwa imeyeyuka, tope limeganda kwenye viatu vyetu vya kanisani. Musa alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alifia huku, na mama akataka mwili urudi nyumbani. Ukarudi. Mimi karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka, nikabaki. Sikumzika ndugu yangu. Tulikuwa wengi wa namna hiyo, kwa hiyo manispaa ilipotupa kile kiwanja cha nyuma, kila nyumba ilimpandia marehemu wake mti mmoja, wa aina ile yenye magome meupe kama karatasi, ili tuwe na pa kusimama.

Kwetu kaburi liko uani, na hufagiwa. Kaburi lililojaa majani makavu ni la mtu asiye na watu. Basi nikanunua fagio na reki, nikapanga zamu za kila Jumamosi. Tuling'oa nyasi, tukazoa majani yote, hadi udongo ukawa kama sakafu. Wapita njia walitusifu, nami nikavimba kichwa.

Alikuwapo Mama Tabu, Mtanzania, mjane, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha miche kule Pickering. Siku moja alikuja kuutazama mti wa marehemu mumewe. Akainama, akaugusa udongo.

"Rehema binti yangu," akasema, "mti huu mizizi yake iko juu juu, haitaki jua. Uache ujifunike kwa majani yake."

"Mama, watu watasema Musa katupwa."

"Musa yuko kwao, amelala. Hapa unafagia mti."

Mwenzetu mmoja akadakia, "Mama Tabu, sema tu umechoka zamu!"

Tukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, mwanangu, na Jumamosi iliyofuata nikafagia hata chini ya mti wa mumewe. Naye hakusema tena. Mtu mzima akishasema, amesema.

Miaka ikapita, viangazi vikawa vikali. Miti ikaanza kukauka kuanzia kileleni, tawi baada ya tawi, kisha wadudu wakaingia. Mama Wanjiru, aliyekuwa amempandia mwanawe wa pekee, alikuwa akisema, "Wadudu wa Kanada hawana adabu hata kwa marehemu." Wote tukawalaumu wadudu. Mtu wa manispaa aliyekuja na msumeno ndiye aliyenieleza kwamba mdudu yule huuvamia mti uliokwisha dhoofishwa na kiu. Akauliza ni nani aliyekuwa akiondoa majani.

Nikamwambia sijui.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu ni zima. Iliyovunjika ni miti ya watu. Mama Tabu alifariki kabla sijamwomba radhi. Mama Wanjiru angali hai, na bado analaumu wadudu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasema haya, na nayasema kwako kwa sababu kwake sijapata ujasiri.

Mwanangu, ukifika mahali pageni na huzuni yako, uliza kwanza mahali hapo panaishije. Mapenzi hayatoshi, hata mimi nilipenda. Anayeujua udongo msikilize, ijapokuwa maneno yake yanagusa kidonda chako. Na ukikosa, sema mapema, wakati uliyemkosea anaweza kukujibu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja, amekaa, na sioni dalili ya kuondoka. Sina faraja ya kukuongezea.

Mungu akupe masikio ungali kijana. Akujalie kuwazika watu wako kwa mikono yako, na usikose pa kuwalilia.

Jumamosi ile, gari lilipokwisha kuondoka na magogo, niliketi kando ya kisiki cha Musa. Upepo ukaleta majani kutoka kwenye miti ya barabarani, yakatua juu yake. Nikayapangusa kwa kiganja, yote, kabla sijajijua.