Sufuria Imebaki Kandara

Rosebellah hakuwa mtu wa kukanyagwa akanyamaza. Alikuwa mpishi wa kampuni moja ya chakula huko Jeddah, akiishi na mumewe Alfayo, dereva, katika chumba kimoja cha mtaa wa Kandara mjini humo. Siku moja bosi akaamua kwamba jiko la Riyadh lina upungufu wa wapishi, basi Rosebellah aende. Yalla, kesho! Akapandishwa basi, akapewa kitanda katika bweni la kampuni, mtaa wa Malaz huko Riyadh.

Mshahara ulipoingia, ulikuwa umenyolewa. Kwao Kenya serikali ndiyo hukata kodi. Huku serikali haikuugusa mshahara wake, kumbe bosi naye ana wembe wake! Nauli ya basi amekatwa, kitanda amekatwa, na kitanda kitakatwa kila mwezi.

Akaingia kwa Hamad, karani wa mishahara, aproni bado kiunoni.

"Umehama," Hamad akamwambia. "Anayehama hujigharamia. Tia sahihi hapa kwamba umekubali, halas, yaishe."

"Nimehama? Mimi?" Rosebellah akacheka kwa hasira. "Hamad, mimi nimetumwa, na anayetumwa hulipiwa. Nyumba yangu iko Jeddah."

"Wewe ni mfanyakazi. Nyumba yako ni palipo na kitanda chako."

Wee! Neno hilo lilimchoma kuliko makato yenyewe. Akatoa simu, akampigia Alfayo kwa video. "Baba Emmah, hebu muonyeshe karani huyu jikoni kwangu."

Alfayo, jasho likimtiririka, akaigeuza simu. Sufuria ya ugali i mekoni, mwiko umesimama ndani, leso ya Rosebellah inaning'inia nyuma ya mlango.

"Umeona? Kwetu mwanamke akihama hubeba sufuria zake. Asipozibeba, ana kwake. Mimi nimekuja na nguo tu. Sasa nifukuze ukitaka, lakini sahihi yangu hupati. Mafi, hakuna!"

Hamad akaitazama sufuria, akaitazama karatasi. Bila sahihi, karatasi haikuwa na kazi, wala makato hayakuwa na mguu wa kusimamia. Akaitupia drooni akinung'unika kwamba wanawake wa Kenya wana vichwa vigumu, kisha akayafuta makato.

Jioni Alfayo akapiga simu, sauti yake ya chini. "Mama Emmah, huko unapikia vyombo vya kuazima. Wacha nikutumie sufuria yako kwa basi."

"Thubutu!" Rosebellah akafoka, na machozi yakamtoka papo hapo. "Hebu itoe hapo mekoni uone! Mimi nitaifuata mwenyewe."