Wosha ya Baba Mkwe

Mimi hubadilisha oili ya gari mwenyewe. Kitengela tunakoishi, jambo hili linajulikana mpaka kwa jirani wa ploti ya pili, maana nikilala chini ya gari huwa naongea na injini kwa sauti, na mke wangu hupita makusudi akiuliza kama mgonjwa amesema anaumwa wapi. Mtu aliyelala chali na oili inamchungulia hana muda wa mizaha.

Jumamosi hiyo nilikuwa na haraka. Kesho yake tulikuwa tunaenda Kajiado kwa baba mkwe, na huko kulikuwa na jambo lililonikereketa kwa miaka. Wamaasai wakipeana mnyama, huacha kuitana kwa majina yao na kuanza kuitana kwa zawadi. Ukipewa ng'ombe, wewe na aliyekupa mnaitana Pakiteng. Ukipewa kondoo, mnaitana Paker. Mwenzangu aliyeoa dada mkubwa wa mke wangu alipewa mtamba baada ya harusi tu, na tangu hapo yeye na mzee ni Pakiteng huku, Pakiteng kule, hadi chai inapoa. Mimi, mtu wa kutoka Ukambani, mwaka wa sita huo nilikuwa bado "wewe". Siku nzuri nilikuwa "huyu wa Kitengela". Ng'ombe sikumtaka, ningemfuga wapi, kwenye veranda? Nilitaka tu kuitwa kitu. Iliniuma sana, nami nilijifanya hainiumi.

Kwa hiyo nilitaka gari lifike Kajiado likiwa halina dosari. Muuza spea aliniwekea oili na filta juu ya kaunta, akauliza, "Na wosha ya nati ya sampu, boss?" Sampu ni lile bakuli la chini ya injini linamokaa oili. Nati ndiyo hulifunga, na wosha ni kipete cha shaba kinachobanwa katikati ili oili isipite. Nikamwambia ile ya zamani iko sawa. Sikuwa nimeiona kwa macho yangu, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Nyumbani nikamwaga oili chafu, nikarudisha nati na wosha yake kuukuu, nikatia oili mpya. Tone moja likatoka. Nikakaza. Likaacha. Nikakaza tena kidogo, hiyo ikiwa ya kiburi. Nikatandika katoni chini, nikanywa chai, nikarudi nikakuta katoni ni safi. Nikamwita mke wangu aje aione katoni. Akaja, akaitazama, akasema ni katoni nzuri.

Kajiado tulifika saa nne asubuhi. Mzee alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. "Supa," akanisalimia. "Ipa," nikajibu kwa lafudhi yangu bora kabisa. Niliegesha karibu na nyumba, na niliposhuka nikaona tone likianguka. Halafu la pili.

Hapo ndipo nilipofanya upuuzi. Badala ya kusema ukweli, nililifukia lile doa kwa vumbi nikitumia kiatu na kuhamisha gari, nikidai kwamba nataka kivuli. Baada ya chai nikaona doa jingine, nikahamisha tena, nikidai kwamba kivuli kimesogea. Saa saba nikahamisha mara ya tatu, na sasa sikuwa na kisingizio kwa sababu nililiegesha juani. Mke wangu alinitazama kwa huruma ile ambayo ni nusu kicheko.

Nilikuwa nimesahau nacheza na nani. Mzee huyu ametumia maisha yake yote kufuata nyayo za ng'ombe kwenye vumbi. Alitoka nyumbani, akaanza langoni, akatembea polepole akigusa ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Hapa iliingia ikikojoa," akasema. "Hapa ililala mpaka chai. Hapa umeificha na kiatu ya kulia." Akafika kwenye gari, akainama. "Na saa hii iko hapa. Wewe, hii gari ni mgonjwa, na unaitembeza tu?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. "Ni wosha, mzee," nikasema. "Nilirudisha ya zamani."

"Uliichoma?"

"Kuchoma nini?"

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama katika ile miaka sita. Kisha akaingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa vipete vya shaba. Kumbe, kabla sijaijua familia hii, mzee aliwahi kutunza injini ya kisima cha maji miaka kadhaa. Mke wangu hakuwahi kuniambia. Baadaye aliniambia kuwa sikuwahi kuuliza.

Tuliinua gari kwa jeki, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukaingiza chini beseni safi la kukingia oili. Nilifungua nati, oili ya moto ikaniunguza kidole, nikapiga kelele, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu. Alijaribu vipete vyake kwenye nati kimoja baada ya kingine mpaka kimoja kikaenea. Akakitunga kwenye waya, akakishikilia juu ya makaa ya jiko hadi kikawa chekundu, akakitumbukiza majini.

"Shaba ikifinywa inakuwa ngumu, inakataa kushika," akasema. "Ukiichoma inakuwa laini tena."

Kile kipete changu kigumu alikitupa ndani ya kopo lake. Tukafunga nati. Nilipotaka kukaza mara ya pili akanigonga mkono kwa fimbo, nami nikaacha. Tukachuja oili kwa kitambaa na kuirudisha, tukawasha injini, tukachuchumaa wote wawili tukiangalia chini. Pakabaki pakavu.

Jioni tulipokuwa tunaondoka aligonga kioo cha upande wangu. "Pawosha," akasema kwa uso mkavu kabisa, "endesha pole pole."

Niliendesha pole pole. Mpaka Isinya nilikuwa nalirudia jina hilo kwa sauti ya chini, na mke wangu, Mungu ambariki, alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Siku hizi kila nikibadilisha oili naichoma ile wosha kwenye jiko letu, na mke wangu huuliza kama shaba leo italiwa na ugali. Mwezi uliopita mzee alinipa mbuzi, beberu mzuri mwenye masikio meupe. Nilishukuru, lakini nilihofu kupoteza jina langu. Ukipewa mbuzi, mnaitana Pakine.

"Sasa tutaitana Pakine, mzee?" nikauliza.

Mzee alishika mlango wa gari, akapiga magoti kwa shida, akanyoosha mkono chini ya injini mpaka kwenye nati.

"Hapana, Pawosha," akasema. "Mbuzi mtakula Krismasi. Hii bado inashika."

Akaniinulia kidole nikione. Kilikuwa kikavu.