Mama Masijala ajifunza kufuta

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Mvua iliyonyesha usiku imebaki manyunyu, na upepo una ubaridi wa kumfanya mtu atafute koti. Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mwanamke mwenye mwavuli uliovunjika kijiti kimoja anafungua mlango wa chumba kidogo kilichoko nyuma ya mapokezi ya hospitali.

Ndani kuna baridi kuliko nje. Kiyoyozi hakizimwi, kwa sababu mashine zilizopangwa kwenye kabati la chuma, zile ziitwazo seva, hazipendi joto. Mwanamke anavua viatu vyenye matope, anavaa kandambili, kisha sweta la kijivu linalomngoja kwenye msumari. Anafumba macho. Midomo inatikisika kidogo bila sauti.

"Namwomba Mungu kitu kilekile kila siku," anasema akivuta kiti mbele ya skrini. "Namwambia, leo nisiharibu. Na nikiharibu, unipe moyo wa kusema."

Hapa hospitalini wanamwita Mama Masijala, na wengi hawajui jina lake jingine. Ana miaka hamsini na miwili. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita katika masijala, chumba cha majalada ya karatasi, akipanda na kushuka ngazi ya mbao kutafuta habari za wagonjwa. Kompyuta zilipokuja, majalada yakahamishwa, chumba kikageuzwa kuwa stoo ya vitanda vibovu. Yeye hakutaka kuwa kitanda kibovu. Akajiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, theluthi ya mshahara ikawa inakwenda kwenye ada, na alipofuzu cheti cha kwanza akaomba kazi katika chumba cha seva.

"Darasani nilikuwa nakaa na watoto wa rika la mwanangu wa mwisho," anasema. "Mwalimu akiuliza nani hajaelewa, wote wanageuka kunitazama. Nami nanyoosha mkono. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja."

Kazi yake ya sasa haionekani kwa macho ya wagonjwa. Kila mashine, anaeleza, huandika yote inayofanya: nimewashwa, muuguzi fulani ameingia, nimekosea, nimejaribu tena. Huandika bila kuchoka, kama mtoto aliyejifunza kusema juzi. Maandishi hayo ni kumbukumbu za mfumo. Mafundi wenyewe huyaita logi. Mashine ikiharibika, fundi huyasoma ili ajue ilianza kuumwa wapi. Yakiachwa tu, hujaa mpaka mashine ikakosa pa kupumulia.

"Umeliona lile benchi la wagonjwa pale nje?" anauliza. "Anayekuja sasa hivi anakaa huku mwisho. Wengine wanasogea. Yule wa mbele kabisa anainuka, anaingia kwa daktari. Faili za logi ni vivyo hivyo. Ya leo ikifungwa inakuwa namba moja. Iliyokuwa moja inakuwa mbili, ya mbili inakuwa tatu. Za huko mbele zinabanwa ziwe ndogo, kama godoro linalofungwa kamba. Na iliyokaa kuliko zote inainuka, inaondoka."

Anavuta mikono ya sweta.

"Hapo pa kuondoka ndipo nilipokwama."

Saa kumi na mbili kamili mashine inaanza yenyewe. Hakuna kitufe kilichobonyezwa. Kwenye skrini majina ya faili yanabadilika moja baada ya jingine, namba zinasogea, faili mpya tupu inafunguliwa kwa ajili ya siku mpya. Mama Masijala ameweka mikono mapajani kama mgeni aliyekatazwa kusaidia kuosha vyombo.

"Imezunguka," anasema, na kupumua.

Sasa, ikiwa mashine inazungusha logi zake yenyewe, yeye amekuja kufanya nini alfajiri yote hii, kabla hata walinzi hawajabadilishana zamu?

"Ndilo swali la mume wangu," anajibu, na anacheka peke yake.

Kukwama kwake kulianza zamani, kabla hajajua kompyuta ni nini. Alipokuwa msichana, maji ya mvua yaliingia katika shule aliyosoma na kuozesha makabati yote ya ofisi. Cheti chake hakikuwa kimetoka, na matokeo yake yalikuwa mle. Kila alikokwenda kuomba kazi au masomo aliulizwa karatasi. Alikuwa amesoma, lakini hapakuwa na cha kuonyesha kwamba alisoma. Ilimbidi arudie mitihani ileile akiwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, ndipo akapata ukarani.

"Tangu hapo mimi na kutupa maandishi, paka na chui," anasema.

Hivyo alipokabidhiwa maelekezo ya kuzungusha logi, aliyasoma mstari kwa mstari. Alipofika kwenye mstari unaoiambia mashine ifute faili zilizozeeka, moyo ukakataa. Akauondoa. Hakumwambia mtu, kwa maana hakuona kama amekosa. Aliona ameokoa.

Kwa miezi kadhaa benchi likaendelea kupokea watu na hakuna aliyeinuka. Halafu, Jumatatu moja ya kliniki ya watoto mwishoni mwa Januari, diski, ghala la seva, ikajaa pomoni. Kompyuta za mapokezi zikaganda. Hakuna mgonjwa aliyeweza kuandikishwa. Muuguzi wa mapokezi, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi, alirarua maboksi ya glavu akawa anaandika majina ya watoto nyuma yake.

"Niliandika mpaka kidole kikaota sugu," anasema muuguzi huyo, akimtazama Mama Masijala kwa jicho la pembeni. "Kumbe bibi huyu amejaza ghala. Mkono wa birika. Hata takataka za mashine hatoi."

"Sema tu, dada," Mama Masijala anamjibu. "Siku ile hata nafasi ya kusema hukuwa nayo."

Kuna mama mmoja alisubiri na mtoto mwenye homa hadi adhuhuri, akimpepea kwa kadi yake ya kliniki. Mtoto alitibiwa na akapona. Lakini Mama Masijala alikwenda kukaa naye kwenye benchi siku ile, akapokea ile kadi, akapepea yeye. Anasema hadi leo akiona kadi ya kliniki mkono unamwuma.

Kesho yake kikao kiliitwa. Lawama zilikuwa zinaelekea kwa fundi mkuu wa kompyuta, binti aliyemfundisha kazi, kwamba alinunua diski ndogo. Mama Masijala akasimama.

"Nilisema, ni mimi. Mstari niliutoa mimi, na binti huyu hajui. Kisha nikakaa."

Fundi mkuu anaikumbuka siku hiyo kwa namna yake. "Nilikuwa nimekasirika kweli," anasema. "Nikamwambia, mama, umejenga nyumba ukaweka mlango wa kuingilia, wa kutokea ukauziba. Akaniambia, basi nionyeshe pa kubomoa. Utamkasirikia vipi mtu kama huyo?"

Mganga mkuu wa hospitali hakumfukuza. Lakini aliweka sharti, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kujiandaa nalo. Mzunguko wa logi uende wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kufuta, bila mtu kusimama karibu. Siku ya kwanza ya jaribio iwe Jumamosi, yaani kesho, chumba kikiwa kimefungwa. Jumatatu ikionekana umekwenda sawa, seva zinabaki mikononi mwa hospitali. Usipokwenda sawa, kazi inapewa kampuni ya nje, ambayo mkataba wake umeshaandaliwa, na unga wa Mama Masijala umemwagika. Hakuna masijala ya kurudi.

"Sina shaka na maelekezo yake," anasema mganga mkuu, mwanamume mpole anayezungumza akifuta miwani. "Nina shaka na miguu yake. Kila siku ya mapumziko walinzi wananiambia, amekuja. Hospitali haiwezi kuendeshwa na mashine inayohitaji mama yake ndiyo ilale."

Wiki hizi yeye na fundi mkuu wamefanya kazi kama mama na mwana jikoni. Mama Masijala alileta alichokijua: masijala hawachomi kila kitu, wala hawatunzi kila kitu. Akazigawa logi. Zinazoonyesha nani alifungua jalada la mgonjwa gani, hizo zinabanwa na kupelekwa zenyewe kwenye mashine ya hifadhi iliyoko jengo jingine, zikae miaka. Minong'ono ya mashine ya kila siku, niko hai, niko hai, hiyo ikae mwezi kisha iondoke.

Fundi mkuu naye alimfundisha jambo lililomnyima usingizi. Faili ikibadilishwa jina, programu iliyokuwa ikiandika inaweza kuendelea kuandika ndani ya ileile ya zamani, isijue. Lazima iambiwe: fungua mpya.

"Kama karani aliyeinamia daftari huku wenzake wameshalibeba kulipeleka stoo, naye bado anaandika tu," anasema Mama Masijala. "Nilipoelewa hilo nilimshukuru Mungu kwa sauti. Binti akadhani nimepigwa na umeme."

Lililobaki ni mstari ule mmoja. Hadi leo asubuhi kufuta kulikuwa kwa majaribio tu: mashine ilitaja faili ambazo ingefuta, bila kuzigusa. Leo saa nne ni kuuwasha kweli.

Na hapo Mama Masijala ana ombi. Masijala walikuwa na desturi. Kabla ya kuchoma karatasi zilizopitwa na wakati, walisimama watu wawili. Mmoja alisoma kichwa cha jalada kwa sauti, mwingine akajibu, nimesikia. Bila hivyo kiberiti hakikuwashwa. Anataka desturi hiyo ifanyike leo, mara moja tu, kwa mstari huu.

"Mama, mashine haina masikio," fundi mkuu anamwambia.

"Mimi ninayo, mwanangu."

Saa nne manyunyu yamekatika. Chumba kimejaa kuliko kawaida: fundi mkuu, mganga mkuu na miwani yake, muuguzi wa mapokezi aliyemwachia mwenzake meza kwa dakika chache. Mlangoni amesimama mume wa Mama Masijala, fundi baiskeli, suruali imefungwa kamba kifundoni. Kwa miezi amekuwa akitengeneza baiskeli kuukuu yenye kiti cha nyuma, ampeleke mkewe kwa dada yake, ng'ambo ya mji, ambako hawajafika tangu masomo ya jioni yalipoanza. Kila Jumamosi waliyopanga, mkewe "alipita hospitali mara moja" na akarudi jua limeshakuwa kali.

"Baiskeli ina breki mpya," mume anatangaza bila kuulizwa. "Abiria ndiye hana."

"Shemeji, leo tunamfunga kamba," anasema muuguzi.

Mama Masijala anakaa mbele ya skrini. Anafumba macho kidogo. Kisha anaanza kusoma kwa sauti ya darasani, kidole kikifuata mstari: faili gani, zimekaa muda gani, nakala zipi zimeshafika hifadhini, zipi hazihitajiki tena.

"Nimesikia," anasema fundi mkuu. Hacheki.

Kidole cha Mama Masijala kimesimama juu ya kitufe. Kinakaa hapo. Kiyoyozi kinavuma.

"Maji yale ya shuleni hayakumwuliza mtu," Mama Masijala anasema polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Hizi zimeulizwa."

Anabonyeza. Kwenye skrini faili za nyuma kabisa zinatoweka, mstari baada ya mstari. Benchi linapata nafasi. Hakuna kilichoganda. Kutoka mapokezi inasikika sauti ya yule mwenzake muuguzi ikiita mgonjwa anayefuata.

"Imekwisha?" anauliza mume.

"Imeanza," anajibu fundi mkuu. "Kesho alfajiri inarudia yenyewe. Tatizo ni kesho alfajiri."

Wote wanamtazama mwenye sweta la kijivu. Analivua, analikunja, lakini halirudishi msumarini. Analitia ndani ya mkoba wake. Anatoa ufunguo wa chumba kutoka kwenye kamba shingoni na kumwekea mganga mkuu kiganjani.

Mipango yake anayo. Mwezi ujao anaanza masomo ya cheti cha pili. Anataka pia kuwatafuta wenzake wawili wa masijala, walioambiwa umri umekwenda, awavute darasani, wakae wote benchi la mbele na waulize maswali hadi mwalimu aombe likizo. Lakini hayo ni ya baadaye, na mumewe bado yuko mlangoni.

"Haya," anasema muuguzi. "Kwa desturi yenu ya masijala. Sema, tusikie."

Mama Masijala anasimama wima, mikono mbavuni, kama aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," anasema, "kesho mashine itajizungusha yenyewe, ibane, ipeleke hifadhini na ifute, nami nitakuwa nimekaa nyuma ya baiskeli ya mume wangu. Sitakuja. Hata mvua ikinyesha, sitakuja."