Jezi Zilizovuliwa Mechi ya Pili

Naikumbuka Jumapili moja ya Agosti, mwanangu, baridi ya Johannesburg ikitafuna masikio, tulipofungwa tatu bila na timu ya Mayfair. Mwaka ulikuwa 2016, nami nilikuwa bado najihesabu kijana, ingawa magoti yalishaanza kunikana. Nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia ukimtukana golikipa wenu, ukaapa hutaishangilia tena timu. Ligi imeanza juzi tu! Eish, mnanichosha.

Timu yetu ya Doornfontein ilikuwa ya wahamiaji: Wakongo, Watanzania, na Warundi wawili watatu. Shabiki wake mkubwa alikuwa rafiki yangu Shomari, fundi cherehani kutoka Tanga. Jezi zote alizishona yeye, kwa mapenzi tu. Kufungwa na wengine angevumilia, lakini si Mayfair, ambako shemeji zake wangemcheka hadi Ramadhani.

Filimbi ya mwisho ilipolia, akaingia uwanjani.

"Vueni! Vueni jezi zangu! Sikuwashonea kondoo mimi!"

Nikamshika mkono, akanisukuma. Wachezaji walidhani ni mzaha. Kisha golikipa wetu Bahati, Mkongo wa Uvira aliyekuwa mlinzi wa maduka, akaivua yake taratibu, akaikunja, akampa. Wengine wakafuata. Wanaume wazima vifua wazi katika upepo ule, na watu wa Mayfair wanawapiga picha!

Bibi Zaina, aliyekuwa akituuzia chai pale uwanjani, akaweka birika chini.

"Shomari, hii mechi ya ngapi?"

"Ya pili, bibi."

"Basi ya tatu watacheza uchi?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mjukuu wangu."

Shomari hata hakumsikiliza. Akabeba jezi zake, akaenda zake.

Hasira hasara, mwanangu. Wiki haikuisha, hasira ikatoka, aibu ikaingia. Akaniomba nimsindikize kwa Bahati. Tulikaribishwa vizuri, tukapewa viti na chai. Shomari akaomba radhi, akamnyooshea ile jezi, imefuliwa na kupigwa pasi. Bahati akaitazama bila kuishika.

"Kaka, nimekusamehe kabisa. Lakini siku ile wanangu walikuwepo. Waliniona."

Hakurudi tena golini. Wengine walirudi, na katika marudiano tukawafunga Mayfair, golini akiwa amesimama mwingine. Sote tuliruka na kukumbatiana isipokuwa Shomari. Alibaki ameketi, macho kwenye lile goli, mpaka watu wakatawanyika.

Basi mwanangu, sikukatazi kuumia. Mimi mwenyewe tukifungwa chakula hakipiti, muulize mama yako. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, na msimu ni mrefu. Nung'unika njiani, gombana na mto wako kitandani ukitaka. Usimvunjie mtu heshima yake mbele za watu kwa ajili ya mechi ya pili. Pointi utazipata kwingine. Mtu uliyemdhalilisha anaweza kukusamehe na bado usimpate tena. Huyo golikipa wenu mtafute leo, kabla jua halijazama, umwambie neno zuri.

Mungu akupe kifua kipana na ulimi mzito wa kutukana. Akujalie watu watakaobaki nawe siku ya kufungwa, nawe ubaki nao. Amina.