Fremu ya Pili

Mama Pacha ana mtoto mmoja. Naanza na hilo kwa sababu wageni ofisini hulikosea kila mara. Wakisikia jina, wanamuuliza pacha wake wanasoma darasa la ngapi, naye anajibu "la pili" bila kupepesa, kisha anarudi kwenye kompyuta yake. Mkubwa, aliyetangulia kutoka tumboni, alikufa mwaka jana kwa homa ya uti wa mgongo. Mdogo yupo. Jina la mama lilibaki hivyo hivyo, maana nani angethubutu kulibadilisha?

Mimi nakaa meza ya jirani. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wanaolalamika, na kwa kuwa nikishafungua mdomo asubuhi siufungi hadi jioni, wananiita Redio. Yeye ndiye aliyeunda programu ambayo kliniki za watoto zinaitumia kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Kwa kifupi, yeye anatengeneza, mimi natukanwa.

Tangu msiba ule amekuwa mtu wa kukauka. Kutolia simlaumu, kila mtu na jinsi yake. Lakini hacheki, hagombi, hata kununa hanuni. Siku moja nilimmwagia chai nzima kwenye mkoba wake. Akasema, "Haidhuru," akachukua kitambaa akafuta. Laiti angenitukana, ningelala usingizi. Nilipombana sana akaniambia, "Mdogo wangu, nipo kama mguu uliokufa ganzi. Najua ni wangu, ila siusikii." 

Nieleze kazi yenyewe kidogo. Ukurasa wa kliniki huanza mtupu. Nesi akibonyeza jina la mtoto, hapo hapo inazaliwa fremu, yaani dirisha dogo ndani ya ukurasa lenye jina, umri, uzito na dawa za mtoto huyo. Akibonyeza jina jingine, inazaliwa fremu nyingine kando yake. Nyuma ya kila fremu inatakiwa iwepo moduli yake ya data, ambayo sisi tunaiita chumba. Chumba ndicho kinachokwenda kuzichukua taarifa na kuzishikilia hadi fremu ifungwe, kisha nacho kinavunjwa. Ukizipa fremu mbili chumba kimoja, ni sawa na kuwapa wapangaji wawili kitanda kimoja: aliyeingia mwisho anamsukuma wa kwanza.

Asubuhi moja simu ikalia, nikaipokea kwa madaha yangu yote. Alikuwa nesi wa kliniki moja tunayoihudumia, mama mcheshi ambaye kwa kawaida tunataniana.

"Redio," akasema, "leo nusura nimuue mtoto wa watu."

Alikuwa na mapacha wa miaka minne. Mmoja ana kifafa na anapewa dawa ya maji, mwenzake alikuja na kikohozi tu. Alizifungua fremu zao mbili kwa pamoja, zote zikaonyesha dawa ya kifafa. Watoto wanafanana, foleni ni ndefu, akapima dawa akamsogezea mdomoni mwenye kikohozi. Mama yao ndiye aliyemdaka mkono. Nesi akaifuta haraka ile dozi kwenye fremu ya mwenye kikohozi. Ikafutika na kwa mwenye kifafa.

"Sasa hakuna kitu kwa wote wawili," akasema. "Na huyu mwenye kifafa hajameza dawa tangu jana. Ameanza kukodoa macho. Nifanye nini, dada?"

Mama Pacha alikuwa amesikia. Aliipata dozi kwenye nakala ya akiba ya jana, akaiandika kwenye karatasi, akanisukumia niisome kwenye simu. Nesi akakataa. Kwao dozi haipokewi kwa mdomo, lazima aione kwenye skrini. Nyuma yake nikamsikia mama wa watoto akipaza sauti: "Simpi mtu mwanangu mpaka niwaone wote wawili hapo, kila mmoja na ya kwake, kwa macho yangu!" Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo, tena na matusi juu.

Nikaweka simu mezani, nikavuta kiti hadi kwa Mama Pacha.

"Chumba ni kimoja," akasema, akionyesha mistari kwenye skrini. "Kompyuta kuu ilikuwa inalemewa, nikakifanya kimoja kwa fremu zote. Ni wiki ile niliyorudi kutoka kuzika."

"Na hukujaribu kufungua fremu mbili?"

Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba tangu zamani kila alipounda kitu kipya alikijaribu kwa kumbukumbu za wanawe. Zimo kwenye data ya majaribio tangu wazaliwe. Mkubwa kushoto, Mdogo kulia, ndivyo alivyozoea. "Baada ya pale nikawa namfungua Mdogo peke yake. Fremu moja. Ilifanya kazi vizuri."

Niliumia. Nasema wazi, niliumia hadi nikamkasirikia, sijui kwa kosa gani. Halafu nikashauri atumie watoto wengine wa majaribio, wapo wengi, wengine tumewapa majina ya vichekesho.

"Kukwepa ndiko kulikotufikisha hapa," akasema, akaanza kuandika.

Marekebisho yenyewe hayakuwa marefu. Kila fremu inapozaliwa ijijengee chumba chake, ikimiliki yenyewe, na ikifungwa ivunje hicho chake tu. Vidole vyake vilikwenda bila kusita. Bosi alipita, akatuona tumeinamiana, akafungua mdomo aulize. Nikamtolea jicho, akapita.

Kisha ukafika wakati wa kujaribu. Akabonyeza jina la Mdogo, fremu ikafunguka kulia. Mkono ukabaki juu ya kipanya. Upande wa pili wa simu mtoto alikuwa analia, na sikujua ni yupi.

Akabonyeza la Mkubwa.

Ilifunguka kushoto kama kawaida. Majina mawili, uzito tofauti, chanjo tofauti. Chumba kwa chumba. Nilitaka kushangilia, ndipo nikaona sehemu ya umri. Pote pawili paliandikwa miaka saba na miezi miwili. Mkubwa alikufa ana miaka sita. Hakuna aliyeiambia programu, na umri inauhesabu yenyewe kutoka tarehe ya kuzaliwa.

"Ameendelea kukua humu," akasema Mama Pacha.

Machozi yakanijaa. Niliona haya kulia kabla yake, nikajikaza kisabuni.

"Unajisikiaje, dada?"

"Sijisikii. Nangoja ije, haiji." Akaitazama skrini. "Bado jaribio moja. Nifunge fremu moja, nione kama nyingine inabaki na taarifa zake. Chumba kilipokuwa kimoja, ukifunga moja nyingine ilibaki tupu."

"Nikufungie mimi?"

"Usiguse."

Alikaa. Sikuhesabu alikaa kiasi gani. Najua tu nilizima simu nyingine zote mbili zilizokuwa zinaita, jambo ambalo kwa kazi yangu ni kosa la kufukuzwa. Kisha akasogeza mshale kushoto, taratibu, akafunga fremu ya Mkubwa. Upande ule ukawa mweupe. Kulia, Mdogo alibaki na kila kitu chake: jina, uzito, chanjo, miaka saba na miezi miwili.

"Inashika," akasema.

Akatuma marekebisho kliniki, akarudisha na dozi kutoka kwenye nakala ya jana. Nikamwambia nesi afungue watoto wote wawili. Tukamsikia akisoma kwa sauti, jina la kwanza na dawa yake, jina la pili na dawa yake. Mama wa watoto akamwamuru arudie. Akarudia. Halafu yule mama akasema, "Haya, mpe mwanangu," na kwa muda hatukusikia kingine ila mtoto akilalamikia uchungu wa dawa.

Nikakata simu. Mama Pacha alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake, na jioni ilikuwa bado mbali.

"Shule wanatoka saa ngapi?" akaniuliza.

Mwaka mzima Mdogo alikuwa akichukuliwa shuleni na bibi yake, kwa sababu mama hakuweza kusimama getini, watoto wamiminike, apokee mmoja. Hata saa ya kutoka alikuwa ameshaisahau. Nikamtajia. Akatia mkoba begani, ule wenye doa la chai, uso wake umelowa kote na yeye mwenyewe hana habari.

"Nenda," nikamwambia. "Simu nazipokea mimi."