Besi ya Waya wa Breki

Baiskeli yangu haikuwa na breki kwa sababu breki zake zilikuwa kanisani zikipiga muziki. Ninalisema hili mapema ili wale walioniona nikishuka kutoka Mushaki kwenda Sake, nimeburuza kandambili zote mbili chini, moshi ukinitoka miguuni, wajue kwamba sikuwa na wazimu. Nilikuwa mpiga besi.

Waya za breki zilikuwa mbili. Nilizikata katikati zikawa nne, nikazikaza juu ya ubao wa mkaratusi uliokuwa mzito kama mlango wa gereza, nikafunga chini yake, ili kinase mlio, kipande cha kusikilizia cha simu ya mezani iliyokwisha kufa, nikaunganisha kila kitu na spika ya kanisa. Siku niliyopiga ule waya mnene mara ya kwanza, kuku wa jirani walitaga kabla ya wakati wao. Kati ya Sake na Walikale kote hapakuwa na besi nyingine, na aliyeishika alisalimiwa barabarani kama mtu aliyekwenda Ulaya akarudi.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ilifungwa leo ikafunguka kesho, na mtu uliyemwazima sufuria asubuhi, jioni ulimwona na godoro kichwani akielekea Goma na sufuria yako. Korali yetu ilipungua hivyo hivyo. Dada aliyekuwa akituimbia, sauti yake ikiwa tamu kuliko asali ya Ntoto, aliondoka na familia yake yote, nasi tukabaki na besi, ngoma mbili, na waitikiaji wasio na wa kumwitikia.

Mama wa korali hakulia. Alikuwa mama wa familia ya wafugaji, muuza maziwa kando ya barabara, mrefu, na sauti yake ilisimamisha malori bila yeye kuinua mkono. Alitukusanya kwa habari ya harusi iliyokuwa inakuja, akasema:

"Muko na mikono, muko na kinywa. Mungu hakuviweka mbalimbali. Bibi harusi ni mutoto ya kaka yangu, na ataingia kanisani na wimbo. Mwenye atapiga besi na kuimba pamoja, njo atashika gitare. Mwenye atashindwa, atabeba viti."

Wote walinitazama. Nilicheka. Mimi? Nibebe viti? Nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, tena nilikuwa na mwalimu wangu mahususi katika sanaa hiyo.

Mwalimu mwenyewe alikuwa ndani ya kaseti. Padri mmoja Mzungu, kabla ya kurudi kwao, aliwaachia vijana wa misheni kaseti za muziki wa huko, ule wa roki progresifu, ambao wimbo mmoja unamaliza upande mzima wa kaseti. Unaanza kama mvua, unageuka maandamano, katikati watu wote wananyamaza kama wamekwenda kula, kisha wanarudi na hasira. Padri alikuwa ametuambia jambo moja ambalo sikulisahau: yule anayeimba ndiye huyo huyo anayepiga besi. Kwa wakati mmoja! Kaseti moja ilifika katika duka la Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba mtu mzima, wa upande wa Butembo, Mkatoliki aliyesali rozari kwa mkono mmoja na kupima chumvi kwa mkono wa pili. Papa wa duka aliipiga kwenye redio yake kubwa kutwa nzima, maana alisema wateja hawaelewi, kwa hiyo wanakaa kusubiri waelewe, na wakisubiri wananunua.

Mzungu wangu alikuwa na sauti nyembamba, ya juu, yenye mbio, kama mwana-mbuzi aliyepata habari njema. Vidole vyake vilikimbia kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilimpenda. Kila siku nilisimama mbele ya duka na ubao wangu nikimfuata.

Shida ilikuwa moja tu. Nikifungua kinywa, vidole vinafunga. Nikichezesha vidole, kinywa kinasahau dini. Lakini nilijua ni suala la mazoezi.

Ndipo akaja mtu mmoja wa Ntoto, kijiji cha Walikale.

Alikuwa ametembea kutoka huko na wakimbizi wengine, na kati ya vitu vyote ambavyo mtu angeweza kuokoa vitani, yeye alikuwa ameokoa redio ndogo iliyofungwa kwa mpira na kaseti moja isiyo na karatasi. Aliketi mbele ya duka, akaona ubao wangu, akauliza bila hata kusalimia vizuri:

"Kaka, hii njo besi?"

"Njo besi," nikajibu, ndiyo hiyo.

"Na unaimba ukipiga?"

"Niko karibu."

Akatabasamu. "Mimi niko na Mzungu wangu anaimba akipiga. Sikia sasa sauti ya mwanaume."

Akawasha redio yake. Jamani. Sauti iliyotoka mle ilitoka chini ya ardhi. Lilikuwa jitu. Liliimba taratibu, likivuta kila neno kama mtu anayeburuta ng'ombe asiyetaka, na besi yake ilitembea kama volkano inayokwenda sokoni. Nilipata baridi mgongoni, lakini sikukubali kuionyesha.

"Huyu wako iko mugonjwa," nikasema.

"Mugonjwa? Huyu ni papa ya watu! Ule wako anaimba sawa mutoto amekanyaga moto."

"Wako hatamaliza wimbo, atakufa katikati."

"Wako alimaliza, maana anakimbia deni!"

Tangu siku hiyo Mushaki iligawanyika. Vita kubwa ilikuwa na pande zake, nasi tukawa na zetu. Waendesha baiskeli na vijana wa soko walikuwa wa Mzungu wangu mwembamba. Wachunga ng'ombe, wazee, na mama wote waliokuwa wakibeba mizigo mizito walikuwa wa lile jitu. Tulilinganisha kila kitu. Nani anavuta pumzi wapi. Nani anaacha vidole vikijibu kinywa, na nani anaviacha vitangulie. Mimi nilieleza kwa Kifaransa cha masomo ya jioni, na yule wa Ntoto alinijibu kwa kupiga goti lake kwa kofi. Siku moja nilisikia katika wimbo wake kipande kilichofanana kabisa na cha kwangu, nikaruka juu:

"Mwizi! Jitu lako limeiba kwa wangu!"

"Bongo! Uongo mutupu! Wako njo aliiba, akakimbia nayo. Husikii vile anahema?"

Papa wa duka aliweka kidole katika rozari asipoteze mahali pake, akasema, "Bandugu, nunueni kitu ao mutoke mulangoni."

Lakini kilichoniuma hakikuwa hicho. Yule mtu alipoomba ubao wangu kidogo tu ajaribu, aliimba akipiga. Pamoja. Polepole, ndiyo, polepole kama jiwe linaloota majani, lakini kinywa na vidole vilikwenda njia moja bila kugombana. Mama wa korali alikuwa anapita na kibuyu chake. Alisimama. Akasikiliza hadi mwisho, akaenda. Usiku ule sikula, nami ni mtu ninayekula hata nikiwa na malaria. Nilikuwa nimeiona besi yangu ikiondoka, na mimi nikiwa na kiti kila bega.

Harusi ilipokaribia, Mama wa korali alituita uani kwake. Alikuwa amenunuliwa redio mpya kwa ajili ya sherehe, bado ina plastiki yake, na mawe mapya ndani, yaani betri ambazo hazijawahi kuona jua wala jivu. Maana sisi sote, mawe ya redio yakichoka, tuliyaanika juani, na jua likikosekana tukayapasha karibu na moto, yakafufuka kidogo.

"Nimechoka na makelele yenu," alisema. "Mulete hao Wazungu wenu hapa. Nitasikia mwenyewe, kisha nitasikia ninyi."

Uwanja ulijaa. Nadhani watu elfu mbili, au walijisikia kama elfu mbili. Papa wa duka alifunga duka mchana, jambo ambalo hata risasi hazikuwahi kumfanya alifanye.

Kaseti yangu ikaingia kwanza. Nikakunja mikono, nikangoja mwana-mbuzi wangu.

Akatoka mtu mwingine. Mtu wa kawaida. Sauti ya katikati, ya adabu, kama ya katekista anayetangaza michango ya Jumapili. Vidole vyake havikukimbia, vilitembea.

"Redio yenu iko mubaya," nikasema.

"Redio iko mupya," akasema Mama. "Leta ya mwenzako."

Kaseti ya Ntoto ikaingia. Akatoka mtu yule yule. Katekista yule yule, wimbo ule ule. Tofauti ni kwamba aliyeinakili kaseti ya Ntoto alikuwa ameanzia pale katikati, watu wanaporudi kutoka kula.

Tulitazamana, mimi na yule wa Ntoto, kama wanaume wawili waliogundua kwamba wanachumbia nyumba moja. Kisha mwenzangu akaguna kutoka tumboni, "Mawe yangu… yalikuwa yamechoka?"

Naye Papa wa duka, nyuma kabisa, akaanza kukohoa. "Mimi," alisema, "redio yangu ilikuwa inavuta miguu. Njo nikakaza ka-parafujo ka mota. Kidogo tu. Sipendi kitu yenye kuchelewa dukani."

Nawaambia, watu walicheka hadi mbuzi wakakimbilia kanisani. Wazee walilala chini. Tulikuwa tumegawanya kijiji kizima kwa ajili ya wapiga besi wawili, na wote wawili walikuwa Mzungu mmoja: kwangu akikimbizwa na parafujo iliyokazwa mno, kwa mwenzangu akikokotwa na njaa ya umeme. Na mimi nilikuwa nimesoma somo la umeme, tena nikapita! Nilicheka nikakaa chini, yule wa Ntoto akanikalia miguu, tukacheka tukishikana shingo.

Mama wa korali peke yake hakusahau alichotuitia.

"Mumemaliza? Sasa mupige."

Alikwenda ndani akarudi na kibuyu cha maziwa kilichojaa hadi mdomoni, bila kifuniko. Akakishika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Kwa watu wake, bibi harusi haingii akirukaruka. Anaingia ameinamisha macho, hatua baada ya hatua, kana kwamba anaacha nyumbani kwao kitu kisichobebeka, hata kama moyoni anacheza.

"Nitatembea kama mutoto wetu," alisema. "Maziwa ikimwagika, wimbo wako haufai."

Nikaanza mimi. Nilijitahidi kumfuata katekista, naapa. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimelelewa na parafujo ya Papa. Vikashika mbio, miguu ya Mama ikavifuata bila yeye kutaka, na alipofika kwenye migomba ya mwisho wa uwanja alikuwa na maziwa hadi viwikoni. Na mimi, kama kawaida, nilipofungua kinywa, besi ilinyamaza.

Kisha yule wa Ntoto. Alishusha sauti kule kule kwenye jitu lake ambalo halikuwahi kuwepo. Mama akavuka uwanja kwa hatua ndefu za taratibu, macho chini, na vicheko vikakatika vyenyewe. Bibi mmoja akajifuta macho kwa kitambaa. Mama alifika upande wa pili, akageuka, akatuonyesha kibuyu. Hakuna tone.

Nilimpa besi yangu mwenyewe. Sikungoja kuambiwa. Mikono yangu ilikuwa myepesi ghafla, sikujua niiweke wapi, nikakamata kiti.

"Weka chini hicho kiti," Mama akasema. "Mikono yako iko mubaya, lakini kinywa? Imba juu yake."

Nikaimba. Bila kazi ya vidole, kinywa changu kilifunguka hadi nyuma ya masikio, sauti ya mwana-mbuzi juu, jitu chini, na kati yetu yule katekista maskini ambaye hakuna aliyemtaka.

Ndivyo tulivyomwingiza bibi harusi. Alitembea polepole hata mchungaji mmoja alisema ndama wake amekuwa ng'ombe kabla hajafika mbele. Vidole vyangu vilipiga besi juu ya suruali yangu wimbo wote, vikikosea, na hakuna aliyesikia.

Papa wa duka hakulegeza parafujo, nilimwomba asiiguse. Yule wa Ntoto naye akipata mawe mapya huyaweka kwanza ndani ya tochi, aiwashe hata mchana kweupe hadi yachoke, ndipo ayape redio. Anasema jitu halipendi kushiba.

Na walipotuita kupiga harusi nyingine, huko mbele ya Sake, tulishuka kwa baiskeli yangu, yeye nyuma amekumbatia ubao wenye breki zangu, mimi mbele nikiburuza kandambili. Hatukusimama Sake. Hatukuweza. Kwenye kizuizi cha kamba cha Mubambiro, baada ya Sake, wanajeshi waliona baiskeli ikija na sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini, zikiimba kwa nguvu zote wimbo usioisha.

"Simameni!" mmoja akapaza.

"Breki iko nyuma yangu, afande, anaimba!" nikajibu.

Wakainua kamba.